Rangi isiyokimbia: maneno ya kikundi cha rangi kwenye mkutano mkuu

(Maneno haya yalisomwa mbele ya wanachama na wageni, huko Baraka. Tunayachapa kama yalivyosomwa.)



Sisi wa kikundi cha rangi tumepewa nafasi ya kueleza kazi yetu. Kwenye mkutano uliopita kuna waliouliza: "Hao wamama wanachemsha majani kila juma, iko na faida gani?" Wengine waliuliza neno gumu zaidi: juu ya nini vitunga vyetu vya kwanza vilirudishwa, na makuta ya sanduku yalienda wapi? Leo tutajibu yote mawili. Tunaanza na lile gumu, sababu ndilo lililotufundisha mengine.

Mteja mmoja wa mjini alituagiza vitunga 30 vya ukindu, akasema anataka rangi za mimea tu, bila poda ya soko. Tulifurahi sana. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kutuagiza vitunga vingi hivyo kwa mara moja. Tulichemsha manjano, tukapata rangi kali sawa na jua la saa sita. Tulichemsha maua mekundu ya ngai-ngai, tukapata zambarau nzuri mpaka watoto walikuja kuangalia. Tukasuka, tukapiga picha, tukatuma.

Mwezi wa pili barua ikaja. Manjano yamepauka, kitunga kimebaki na rangi ya majani makavu. Zambarau imegeuka kijivu. Na kitunga kimoja kilichopata maji kimepaka kitambaa cha meza rangi nyekundu isiyotoka.

Hiyo nyekundu ndiyo iliyotuuma. Sisi wenyewe tulijua imetoka wapi. Nyekundu ya mimea ilitushinda, na mmoja wetu aliongeza poda ya sashe kwenye sufuria ili ikolee. Hatukumtaja jina siku ile, na leo hatutamtaja, sababu wote tuliona na wote tulinyamaza. Tulikuwa tumeandika "mimea tu" kwenye karatasi ya kila kitunga.

Basi tulikaa chini. Kuna aliyesema: "Tumwambie ni jua la kwake." Mama mmoja mzee akajibu: "Na ule mwekundu juu ya kitambaa, tutasema pia ni jua?" Tukanyamaza. Tulirudisha makuta yote. Nusu ilitoka kwenye akiba ya kikundi, nusu tulikopa kwenye sanduku la chama. Deni hilo tumelipa robo tatu. Robo iliyobaki tutaimaliza kabla ya mkutano ujao, na mwenye kutaka kuona daftari akuje, tuko nalo hapa.

Baada ya hapo hatukusuka kitu cha kuuza muda mrefu. Tulifanya kazi ya kujaribu na kuandika. Tuliyojifunza ndiyo tunawaeleza sasa, ili wengine wasipitie njia ileile.

Kwanza, kutoa rangi kwenye mmea. Zamani tulifikiri ni kuchemsha tu. Lakini si kila rangi inapenda maji. Manjano yanapenda mafuta. Ndiyo maana mchuzi wenye manjano na mafuta unapaka kijiko, na maji peke yake hayaondoi. Mawese ni vilevile: wekundu wa mawese unakaa ndani ya mafuta, ukiyamimina kwenye maji hauingii kamwe. Kuna mti mwingine, wengine wanauita mrangi, na wale waliosoma Kifaransa wanauita roku. Matunda yake yana miiba laini, na ndani kuna mbegu nyekundu ambazo watoto wanapaka mdomoni. Tulizichemsha na maji, rangi ikatoka kidogo tu. Kisha tukachukua maji ya majivu, yale ambayo bibi zetu walichuja kwa kutengeneza chumvi, tukachemsha mbegu humo. Rangi ya machungwa ikatoka kwa wingi. Sababu ni kwamba rangi ya roku iko ya mafuta, lakini majivu yanaibadilisha iweze kuyeyuka ndani ya maji.

Nyekundu nayo iko na siri yake. Wandugu zetu Wakuba, kule Kasai, tangu zamani wanatumia mti mwekundu wanaouita tukula. Wanausaga kuwa unga, wanaupaka mwilini na mafuta, na wanatia nao rangi kwenye vitambaa vyao vya rafia ambavyo sasa vinakaa katika majumba ya makumbusho duniani. Wababa wanafuma kile kitambaa, wamama wanakidarizi. Tukula haiyeyuki ovyo kwenye maji, inapaswa kusagwa laini sana. Kwa hiyo mtu akiwaambia nyekundu ya mimea ni kazi ya saa moja, mjue hajaifanya.

Pili, kushikisha. Hapa ndipo tulianguka. Ukindu, rafia na pamba vyote vinatoka kwa mimea, na vitu vya mimea havishiki rangi kwa urahisi sawa na sufi ya kondoo. Ukivitia tu kwenye maji ya rangi, rangi inakaa juu juu, na siku ya maji inaondoka. Inapaswa kuweka kitu cha katikati, kinachoshika uzi kwa mkono mmoja na rangi kwa mkono mwingine.

Kwa hiyo siku hizi tunafanya hivi. Tunaosha ukindu na sabuni kidogo ya moto, tunasuuza. Tunachemsha majani ya mpera, tunachuja, na ukindu unalala humo usiku mzima. Majani ya mpera yana ule ukakasi unaokausha ulimi ukiyatafuna, na ukakasi huo unashika ukindu vizuri. Kesho yake tunatumia shabu, lile jiwe jeupe ambalo vinyozi wanapaka kidevuni. Tunapima gramu 15 za shabu kwa kila gramu 100 za ukindu mkavu, tunaiyeyusha kwenye maji ya moto, na ukindu unalala humo usiku wa pili. Siku ya tatu tu ndipo rangi inaingia.

Kwa rangi yenyewe, maganda ya vitunguu yametusaidia kuliko yote. Kwa kilo moja ya ukindu mkavu tunatumia nusu kilo ya maganda makavu. Msicheke hiyo nusu kilo: maganda ni mepesi, ni mfuko mkubwa unaojaa kabisa. Tunayaloweka tangu jioni, asubuhi tunayachemsha polepole saa moja, tunachuja na kitambaa, tunatia ukindu kwa moto mdogo, kisha tunaacha upoe humohumo mpaka kesho. Unapata rangi ya dhahabu inayoelekea machungwa. Majani ya mwembe yanatoa njano iliyotulia. Kokwa la avoka, likikatwa vipande na kuchemshwa, linatoa rangi ya waridi inayokaribia udongo, na ukiongeza maji kidogo ya majivu inazidi kuwa nyekundu.

Nyeusi tunaifanya kwa misumari ya kutu. Tunaitia ndani ya chupa pamoja na siki au maji ya limao, tunaiacha majuma mawili. Kifuniko tusikikaze, sababu hewa inatoka mule ndani na chupa inaweza kupasuka. Ukindu uliolala kwenye majani ya mpera, bila shabu, ukiuingiza kwenye maji hayo ya kutu unageuka kijivu mbele ya macho yako, kisha mweusi. Ni ukakasi na chuma vimekutana. Kule Mali wanafanya kazi hiyohiyo na matope yenye chuma juu ya vitambaa vilivyochovywa kwenye maji ya majani. Lakini chuma kikizidi kinakula uzi, unakatika. Kwa hiyo tunachovya kwa muda mfupi na tunasuuza mara nyingi.

Hapo tunataka kusema neno kwa wamama waliosukia kambini. Kule Lugufu na Nyarugusu wengi wetu tulipata nyeusi kwa kuvunja mawe ya radio yaliyokufa na kuchemsha ule unga wa ndani. Tulifanya hivyo kwa kukosa. Sasa tuache. Unga ule una sumu, unaingia kwa mikono na kwa pumzi, na tuliuchemsha karibu na watoto, mara nyingine kwenye sufuria ya ugali. Hata rangi ya mimea tusiipike kwenye sufuria ya chakula. Shabu na maji ya kutu si kitu cha kulia. Kikundi kina sufuria zake mbili, zimetiwa alama, na haziingii jikoni kwa mtu.

Tatu, kujaribu. Ndiyo kazi ndogo kuliko zote, na ndiyo hatukuifanya mara ya kwanza. Siku hizi kila rangi mpya tunatia kwenye vipande vya ukindu, tunavipanga juu ya ubao, nusu tunafunika na kartoni, tunaacha juu ya bati majuma mawili. Kisha tunafunua na kulinganisha. Kipande kingine tunalowesha na kukisugua kwenye kitambaa cheupe. Kitambaa kikipata rangi, hatuuzi.

Matokeo yako kwenye daftari, vipande vimeshonwa humo kila mtu aone. Nyeusi ya misumari haikubadilika. Majani ya mwembe yalififia kidogo tu. Maganda ya vitunguu yalififia zaidi ya mwembe, lakini bado yanapendeza. Manjano yalikwisha kabisa, hata tulipoyashikisha na shabu. Ngai-ngai iligeuka kijivu mbele ya juma kuisha.

Hatukutupa manjano wala ngai-ngai. Tulielewa kwamba rangi ya chakula na rangi ya kitunga ni vitu viwili. Chakula hakikai juani miezi, kinaliwa. Manjano kwenye wali, ngai-ngai kwenye juisi, roku ndani ya mafuta ya kupikia, hizo ni kazi zao. Ngai-ngai ina jambo moja ambalo tunafundishia watoto: ukiitia limao inazidi kuwa nyekundu, ukiitia sabuni inageuka kuelekea bluu na kijani. Manjano nayo yakikutana na sabuni au majivu yanakuwa mekundu. Rangi inayogeuka hivyo kwa sabuni, utamuuziaje mtu kwenye kitu cha kufuliwa?

Sasa kuhusu poda ya soko. Kuna wanaofikiri tunaichukia. Hapana. Mwaka 1856 kijana wa London, William Perkin, alikuwa anatafuta namna ya kutengeneza kinini, dawa ileile ya malaria inayotoka kwenye magome ya mti tunaoujua vizuri hapa Kivu. Kinini hakuipata, alipata rangi ya zambarau. Kutoka hapo viwanda vikaanza kutengeneza rangi za kila aina, na kazi ya mimea ikapungua dunia nzima. Poda ni rahisi, inakolea, na mama mwenye kutaka mkeka wa nyumbani haraka haina ubaya kuitumia. Anapaswa tu kufunika pua na mikono. Ubaya wetu ulikuwa kuandika "mimea tu" juu ya kitunga chenye poda.

Kwa hiyo tumeweka sheria, na tunaomba chama kiiandike kwenye kanuni zake. Kila kitunga kina karatasi inayosema mmea gani, siku gani, na kama kuna poda. Mwenye kuongeza poda bila kusema anarudisha makuta ya kitunga hicho. Mwenye kuona na kunyamaza naye anarudisha. Hilo la mwisho tulibishana sana, lakini baada ya mambo yale hatukuona njia nyingine.

Wandugu, kuna jambo lingine ambalo wageni wetu hawawezi kuliona wakija siku moja. Ni habari ya udongo.

Manjano unapanda leo, baada ya miezi kadhaa unavuna, shamba linabaki tupu. Hakuna mtu atakuuliza. Lakini roku ni mti. Mpera ni mti, mwembe ni mti. Na hapa kwetu mwenye kupanda mti anasema kwa vitendo kwamba udongo ni wake. Wengi wetu tulivuka ziwa kutoka Kigoma na kukuta mtu mwingine analima pale tulipozaliwa. Wengine tunalima kwa kuazima au kwa kukodi msimu kwa msimu. Mama mmoja wa kikundi chetu alipanda roku tano kwenye mpaka wa shamba aliloazimwa. Mwenye shamba alikuja asubuhi akang'oa zote tano, akasema: "Mama, nilikupa kulima, sikukupa kukaa." Hakuwa mtu mubaya. Aliogopa, na sisi tunaelewa woga ule, sababu sisi pia tulishapoteza mashamba.

Kambini hatukuwa na ruhusa ya kwenda mbali kutafuta majani. Tulifikiri tukirudi nyumbani majani yatakuwa yetu. Leo tuko nyumbani na tunaokota chini ya miembe ya watu. Kwa hiyo kazi ya rangi haitakua zaidi ya hapa kama hatuna mahali pa kupanda mti bila kugombana na mtu.

Na kuna kuni. Kila sufuria ni kuni, na mwenye kwenda kutafuta kuni ni mwanamke au mtoto, njia ni ndefu na si salama kila siku. Ndiyo maana tunaloweka usiku mzima mbele ya kuchemsha, ili moto ufanye kazi fupi. Maji ya rangi yaliyobaki hatumwagi. Tunatia ukindu mwingine, unapata rangi nyepesi, tunauza kama nyepesi. Na magome ya miti hatuchuni tena. Mti ukichunwa gome kuzunguka pande zote unakufa. Tunatumia majani, maganda, na matawi yaliyokatwa tayari.

Basi maombi yetu ni haya.

Kwa wanachama: wenye kuuza chakula sokoni na wenye mikahawa, msitupe maganda ya vitunguu wala kokwa za avoka. Wekeni mfuko pembeni, tutapita siku ya ijumaa. Kwenu ni takataka, kwetu ni kuni tulizookoa na mti tusiougusa.

Kwa komite: kiwanja cha biro ya chama kina mpaka mrefu usio na ua. Turuhusuni tupande roku na mipera kuzunguka pale, iandikwe kwamba miti ni ya chama, si ya mtu mmoja wala ya kikundi. Na wazee wa mtaa waliopo hapa, tunawaomba mketi pamoja na wenye mashamba, mtusaidie kupatana nao kwa maandishi: mti upandwe mpakani, majani ni ya mpandaji, udongo unabaki wa mwenyewe. Tukipata hata watatu wa kukubali, wengine wataona kwamba hakuna aliyenyang'anywa.

Kwa wafadhili: aksanti kwa mizani, kwa sufuria mbili, na kwa jiko linalokula kuni kidogo. Mizani imetumika kuliko vyote. Tunawaomba pia kitu ambacho hakina bei. Mkituletea wateja, waambieni mapema kwamba nyekundu kali hatuna, na bluu hatuna bado. Bluu inatoka kwenye mnili, na mnili una kazi yake: majani yanaoza kwenye maji ya majivu yaliyofunikwa, uzi unatoka ukiwa wa kijani kisha hewa inaugeuza bluu. Tumeanza kujifunza, hatujafika. Tunazo dhahabu, njano, waridi ya udongo, kijivu na nyeusi. Mteja akitaka hizo, tutampa, na zikikimbia atarudishiwa makuta yake bila kubishana.

Juma lililopita tulimwandikia yule mteja wa kwanza. Hatukumwomba anunue. Tulimtumia vipande vitano kutoka kwenye daftari, nusu iliyokaa juani na nusu iliyofunikwa, pamoja na karatasi inayosema mmea wa kila kimoja. Amejibu. Ameagiza vitunga sita, vyeusi na vya dhahabu, na ameandika kwamba ataviweka dirishani kwanza.

Na aviweke. Ukindu wake umelala kwenye majani ya mpera tangu jana jioni. Kesho asubuhi vile vya dhahabu vinaingia kwenye shabu, na mwenye kutaka kuona akuje nyuma ya biro saa mbili.